Saa nne ya chai: kisa cha somo la video lililokuwa likiganda, na foleni iliyohamishwa

Malalamiko yalikuwa mafupi: kila Jumanne na Alhamisi, ikigonga saa nne asubuhi, somo la video linaganda. Chuo chenyewe ni cha kati, kinafundisha fani za afya, kwenye mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Mhadhiri yuko mji mwingine, anafundisha kwa Zoom, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanakaa ukumbini mbele ya skrini moja. Somo linaanza saa tatu na nusu na nusu saa ya kwanza mambo ni shwari. Baada ya hapo sauti inaanza kukatika, picha inasimama huku mdomo wa mhadhiri ukiwa wazi, na wanafunzi wanafunga madaftari. Wiki ile niliyofika walikuwa wanafundishwa dozi za dawa kwa watoto wachanga. Nalitaja hilo kwa sababu namba ikimezwa katikati ya sentensi ya namna hiyo, anayeumia ni mtu ambaye hayupo hata ukumbini.

Mkuu wa chuo alinipokea ofisini kwake akiwa na karatasi ya bei mezani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wanaotuuzia intaneti wananiambia ninunue kifurushi cha juu. Ninunue?"

Nikamwomba wiki moja kwanza. Nilimwambia ugonjwa wenyewe sijaujua, na yeye kama mwalimu wa wauguzi analijua hilo kuliko mimi: hakuna kuandika dawa kabla ya kupima.

Chuo kinapata intaneti kwa redio iliyofungwa juu ya paa, inayotazamana na mnara wa mtoa huduma. Mkataba unasema megabiti 20 kwa sekunde za kupakua na 5 za kupakia. Chini ya redio kuna ruta ya MikroTik yenye programu ya RouterOS toleo la 7, na kutoka hapo swichi na vituo kadhaa vya Wi-Fi. Ni mpangilio ambao utaukuta kwenye shule, zahanati na halmashauri nyingi.

Fundi aliyenitangulia hakuwa amekaa bure. Ndani ya ruta nilikuta kanuni 34 za kuainisha trafiki. Kulikuwa na kanuni za kutambua Zoom kwa porti zake, yaani namba za milango inayopitia, 8801 hadi 8810 za UDP (njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho kwamba imefika), nyingine za Google Meet, nyingine za kuitafuta YouTube kwa kuchungulia maneno ndani ya pakiti, yaani vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili isafiri, na nyingine za kukamata faili za kupakua. Kila aina ilipewa alama, na kila alama ilipewa kipaumbele kwa namba, 1 kwa Zoom hadi 8 kwa wanaopakua. Juu ya hayo, kila mtumiaji alikuwa amefungiwa kilobiti 512 kwa sekunde. Ukiisoma kwa macho, kazi ilikuwa nzuri. Ndiyo maana kila aliyeiangalia kabla yangu alihitimisha kwamba laini ni ndogo.

Mimi nilianza kwa kuangalia kaunta, yaani zile namba zinazoonyesha kila kanuni imegusa pakiti ngapi. Jumanne, somo likiwa linaendelea ukumbini, nilikaa mbele ya kabati la vifaa vya mtandao na kuitazama kanuni ya Zoom. Somo la video la saa moja lina pakiti maelfu kwa maelfu. Kaunta ilikuwa kwenye mamia, na kwa dakika nzima haikusogea. Trafiki ilikuwa inapita, lakini kwa mlango mwingine.

Mlango huo unaitwa FastTrack. Usanidi wa kiwandani wa ruta hizi huja na kanuni inayosema: muunganisho ukishakubaliwa na ngome (firewall, mlinzi wa ruta), pakiti zake zinazofuata zipitishwe kwa njia ya mkato ili kichakataji kisichoke. Ni jambo jema kwa nyumba yenye laini ya kasi kubwa. Ila njia hiyo ya mkato inaruka kanuni za kuweka alama, na inaruka foleni za aina mbili zinazotumika kugawa kasi: foleni sahili (simple queue) zote, na mti wa foleni (queue tree) uliofungwa kwenye mzazi wa jumla (global). Kwa hiyo zile kanuni 34 zilikuwa zinaona pakiti chache za mwanzo za kila muunganisho, halafu hazioni kitu. Hata kile kikomo cha kilobiti 512 kilikuwa cha karatasini tu kwa sehemu kubwa ya trafiki.

Niliizima kanuni ya FastTrack, kisha nikafuta jedwali la miunganisho, kwa sababu muunganisho ulioingia njia ya mkato kabla hujazima unaendelea kuipita mpaka ukatike. Wengi husahau hatua hii ya pili, wanajaribu papo hapo, hawaoni tofauti, na wanairudisha kanuni wakidhani haikuwa na kosa.

Alhamisi nikarudi ukumbini. Sasa kaunta zilikuwa zinakimbia, Zoom inatambulika, ina alama, ina kipaumbele namba 1. Saa nne na dakika tatu picha ikaganda vilevile.

Hapo ndipo nilipofungua kompyuta yangu nikafanya kipimo ambacho, kwa maoni yangu, kilipaswa kutangulia kila kitu. Nilipiga pingi, yaani pakiti ndogo inayokwenda na kurudi ili kupima muda wa safari, mfululizo kwenda kwenye lango la mtoa huduma, kituo cha kwanza kabisa nje ya chuo. Jioni yake, watu wakiwa wametoka, nikairudia: jibu lilikuwa linarudi kwa milisekunde 24, 26, 25. Nikachukua faili kubwa la video na kuanza kulipakia kwenye hifadhi ya mtandaoni, kompyuta moja tu, niliyoiondolea kwa muda kile kikomo cha kilobiti 512, jengo zima likiwa tupu. Namba zikaanza kupanda mbele ya macho yangu: 31, 58, 140, 390, 720, 1,100, zikatulia karibu na 1,400. Niliposimamisha faili, ndani ya sekunde mbili zikarudi 25. Na katika muda wote ule hakuna pakiti hata moja iliyopotea.

Hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Laini iliyozidiwa tungetarajia itupe pakiti. Hii haikutupa, ilizihifadhi. Nilipima kasi halisi ya kupakia kwa saa mbalimbali nikapata wastani wa megabiti 4.2, si 5 za kwenye mkataba. Zidisha megabiti 4.2 kwa sekunde 1.4 unapata karibu megabiti 5.9, ambazo ni kilobaiti 735 hivi. Pakiti kubwa moja ni baiti 1,500. Maana yake ndani ya ile redio ya paani kulikuwa na pakiti karibu 490 zimejipanga zikisubiri zamu, na sauti ya mwanafunzi anayeuliza swali ilipofika ilikwenda kukaa nyuma yao. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake G.114, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yabaki ya kawaida. Sisi tulikuwa tumeipita mara tisa.

Kompyuta zinazotuma data kwa TCP, utaratibu unaohakikisha kila pakiti imefika, hazijui laini ina upana gani. Huongeza mwendo kidogo kidogo mpaka pakiti ipotee, na kupotea huko ndiyo habari kwamba njia imejaa. Utaratibu huo una historia yake. Mwezi Oktoba 1986 intaneti ilianguka kwa msongamano, na kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali wa yadi 400 tu, kasi ilishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson alichapisha dawa yake mwaka 1988, na tangu hapo TCP inajizuia yenyewe. Lakini inajizuia ikiona hasara. Ukiweka kifaa chenye ghala kubwa la kusubiria, pakiti hazipotei mapema, mtumaji hapati habari, anaendelea kusukuma, na foleni inajaa na kubaki imejaa.

Sasa rudi kwenye kipaumbele namba 1. Ruta ilikuwa imewekewa kikomo cha megabiti 5 za kupakia, kama mkataba unavyosema, wakati laini halisi ni 4.2. Ruta haikuwahi kufikia kikomo chake, kwa hiyo ndani yake hapakuwa na foleni hata kidogo, kila pakiti iliingia na kutoka. Foleni yote ilikuwa kwenye redio, na redio haijui alama wala kipaumbele, inajua aliyetangulia. Kipaumbele ni kanuni ya kupanga wanaosubiri. Mahali ambapo hakuna anayesubiri, namba 1 na namba 8 ni sawasawa.

Kwa hiyo kabla ya kuainisha chochote, foleni lazima ihamishwe kutoka mahali usipopatawala ije mahali unapopatawala. Unafanya hivyo kwa kuweka kikomo chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ile iliyopimwa saa mbaya, si iliyoandikwa. Unapoteza sehemu ya kasi, na hicho ndicho kitu kigumu kumweleza mteja. Nilipomwambia Mkuu kwamba nitapunguza intaneti ili somo lipite, alininyamazia kwa muda, akasema, "Eleza tena polepole." Nikamweleza kwa mfano wa dirisha la dawa hospitalini: mgonjwa mahututi akifika, muuguzi anaweza kumpitisha mbele pale tu foleni ikiwa ndani ya jengo, machoni pake. Ikiwa foleni iko nje ya geti, anayepanga ni mlinzi, naye hajui nani mahututi. Akakubali.

Lilibaki swali la kwa nini saa nne. Ruta ina chombo cha kutazama trafiki inayopita papo kwa papo, nikaifungua Jumanne iliyofuata saa nne kasoro tano. Kengele ya chai ilipogonga, anwani zikaanza kuongezeka kwenye skrini: kumi na mbili, ishirini, thelathini na nane. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili walikuwa wanatoka madarasani kwenda chini ya miembe, karibu na kituo cha Wi-Fi cha uani. Simu zikishika Wi-Fi na wenyewe wakizifungua, nyingi huanza kupakia picha za jana kwenye hifadhi ya mtandaoni, na WhatsApp inatuma video zilizokuwa zinasubiri. Hakuna aliyekuwa anafanya kosa. Hata kompyuta ya mhasibu, ambayo huhifadhi nakala za faili zake, ilikuwa imepangiwa saa nne.

Kilobiti 512 kwa kila mtu zingesaidia? Piga hesabu: simu 40 mara kilobiti 512 ni zaidi ya megabiti 20, kwenye laini ya kupakia ya 4.2. Na usiku, mwanafunzi mmoja akiwa peke yake mtandaoni anatafuta makala ya kusoma, anabanwa kwenye kilobiti hizo hizo 512 huku laini nzima iko tupu. Kikomo kigumu kwa kila kichwa hakilindi mtandao mchana, na usiku kinawanyima watu bure. Nakiona kila mahali, na nimechoka kukiona.

Nilifuta kanuni zote 34. Sikuifanya hatua hii kwa wepesi, maana ni jasho la mtu, lakini namna ile ya kuainisha imepitwa na wakati. Kuchungulia maneno ndani ya pakiti kulifaa zama ambazo kurasa zilisafiri wazi. Leo karibu kila kitu kimefumbwa kwa usimbaji, na YouTube na wengine hutumia QUIC, itifaki iliyosanifishwa Mei 2021, inayopita kwenye UDP porti 443. Kwa ruta, video ya burudani na makala ya kitabibu zinafanana kama mapacha. Na kule kuchungulia kunachosha kichakataji bure. Badala ya kuuliza "hii ni programu gani?", niliuliza "hii inatoka kwa nani?". Kompyuta ya ukumbini nikaipa anwani ya kudumu. Ofisi zikapata fungu lao la anwani. Waliobaki wote wakawa kundi moja. Makundi matatu, basi.

Ukiacha mistari ya ofisi, usanidi wenyewe ulikuwa hivi:

/queue simple
add name=chuo target=192.168.20.0/22 max-limit=3800k/14500k
add name=somo parent=chuo target=192.168.20.10/32 limit-at=1500k/4M max-limit=2500k/6M priority=1/1
add name=wengine parent=chuo target=192.168.20.0/22 queue=pcq-upload-default/pcq-download-default limit-at=1M/6M max-limit=3M/13M priority=8/8

Namba ya kushoto ya mkwaju ni kupakia, ya kulia ni kupakua; limit-at ni kasi ya uhakika, max-limit ni kikomo cha juu. Foleni sahili husomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza kulingana ndiyo inayoshika, kwa hiyo "somo" na "ofisi" lazima zikae juu ya "wengine", ambayo inabeba anwani zote. Ofisi zilipewa uhakika wa kilobiti 800 za kupakia na megabiti 4 za kupakua. Jumlisha za uhakika: upande wa kupakia 1,500 na 800 na 1,000 ni 3,300, chini ya 3,800 za mzazi. Hilo ni sharti. Ukiahidi zaidi ya ulichonacho, ruta haitakupa onyo, itavunja ahadi tu. Na uhakika huu si uzio: somo lisipokuwepo, megabiti zake zinatumiwa na wengine.

Kundi la "wengine" linatumia PCQ, ambayo inagawa kilichopo kwa kila anwani sawa kwa sawa. Wakiwa wawili, nusu kwa nusu. Wakiwa arobaini, kila mmoja sehemu ya arobaini. Anayepakia picha mia tatu hawezi kumfunika anayetuma ujumbe mmoja.

Upande wa kupakua ulinisumbua zaidi. Foleni ya kushuka iko mnarani kwa mtoa huduma, na pakiti ikifika kwenye ruta yetu imeshalivuka daraja jembamba. Kikomo chako kinafanya kazi kwa kuzunguka: unachelewesha au kutupa chache, mtumaji wa mbali anaona, anapunguza. Kwa kuwa habari inachelewa kumfikia, unahitaji nafasi kubwa zaidi ya kupumulia. Laini halisi ilikuwa megabiti 17. Nilianza na 16, pingi ikawa inaruka ruka hadi 300. Nikashuka 15, kisha 14.5, ikatulia.

Jumanne iliyofuata, saa nne na dakika kumi, uani kukiwa na simu zaidi ya thelathini, pingi kutoka kwenye ruta ilikuwa kati ya milisekunde 30 na 55. Ukumbini sauti ilikuwa safi, lakini picha ilishikwa kwikwi mara mbili. Hapa palinichukua saa nzima ya kurudia foleni bila sababu, kwa kuwa kosa halikuwa kwenye foleni. Kompyuta ya ukumbini ilikuwa kwenye Wi-Fi, masafa yaleyale na kituo cha uani, na hewa yenyewe ilikuwa imejaa. Ruta inatawala kinachopita ndani yake, haitawali hewa. Tulivuta waya mita thelathini juu ya dari, na kwikwi zikaisha siku hiyohiyo. Nikiulizwa katika kazi yote ile ni shilingi zipi zilizotumika vizuri kuliko nyingine, nitataja waya ule.

Alhamisi nilikaa kiti cha nyuma. Kengele ya chai iligonga, na nikaona wanafunzi kadhaa wakigeuza macho kwenye skrini wakisubiri igande. Haikuganda. Msichana mmoja safu ya pili akanyanyua mkono akauliza kama dozi ile inapigiwa hesabu kwa uzito wa kuzaliwa au wa siku hiyo, na mhadhiri akamjibu bila kumwomba arudie swali.

Mkuu alitaka kufunga kabisa Wi-Fi ya uani saa za masomo. Nilimsihi asifanye hivyo. Vijana hawa wengi hawana bando la maana, na picha za wazazi wao zina thamani kwao kama somo lilivyo na thamani kwa chuo. Kwa mgawanyo ule hawamdhuru mtu. Picha zinapanda polepole wakati wa somo, na likiisha zinachukua nafasi iliyoachwa. Alikubali, kwa sharti kwamba nihamishe nakala za mhasibu ziende saa nane usiku. Ile karatasi ya bei aliiweka kwenye droo.

Mwezi Mei akanipigia simu: imerudi. Nilipima. Kasi ya kupakia ilikuwa imeshuka hadi megabiti 3.1, chini ya kikomo changu cha 3.8, na foleni ilikuwa imehamia tena juu ya paa. Nilipopanda kuangalia nikauona mwarobaini wa jirani: masika yalikuwa yameukuza, matawi yake yameingia kwenye mstari kati ya redio na mnara. Majani mabichi hudhoofisha mawimbi, na redio ikipata ishara dhaifu hujishusha yenyewe kwenye mwendo wa chini bila kumwambia mtu. Siku ile nilishusha kikomo hadi kilobiti 2,800, nikapunguza za uhakika kwa uwiano uleule, somo likapita. Jirani aliombwa, akakata matawi mawili, na jioni laini ikapanda tena.

Tangu hapo ndani ya mlango wa kabati nimebandika karatasi kwa kalamu ya wino mzito. Ina namba nne za kasi nilizopima na tarehe zake, anwani ya kupigia pingi, na maelekezo ya mstari mmoja kwa atakayekuwa zamu: pakia faili kubwa, tazama pingi, ikipita 150 shusha kikomo cha kupakia kwa kilobiti 200 na upime tena. Mwenye zamu sasa ni kijana wa maktaba. Juzi aliongeza mstari wa tano kwa mwandiko wake: tarehe, 4.1, na neno "mti sawa".